Mjomba Hakuficha

Methali ya mficha maradhi nimeichukia tangu mwaka wa 2018. Katika wiki moja niliisikia mara tatu, kwa watu watatu, wote wakimsema mjomba wangu, aliyekuwa amekutwa na ukoma. Jirani wa chumba cha mkabala aliisema ukumbini huku anachambua mchele. Mwenye nyumba aliisema alipokuja kuchukua kodi. Wa tatu alikuwa mama yangu, dada yake wa tumbo moja, aliyeisema kwa simu kutoka Msambweni huku analia: mficha maradhi, mwanangu, kilio humuumbua.

Mjomba hakuficha. Kwa miaka mitatu alivua shati kila alipoambiwa avue. Alilionyesha baka lake kwenye duka la dawa, kwenye kliniki mbili za kulipia, kwenye kituo kimoja cha umma, na kwa muuza mitishamba aliyesema anatibu ngozi. Wote walilitazama. Kama kuna mtu aliyefichwa kitu katika habari hii, ni yeye.

Naandika kwa ruhusa yake. Masharti yake yalikuwa mawili: nisitaje jina lake, na nisiandike kana kwamba anaomba kuhurumiwa.

Tulikuwa tunakaa Majengo, Pumwani, katika moja ya zile nyumba za zamani zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, bomba na choo uani. Mimi na mume wangu tulikodi vyumba viwili. Mjomba aliingia Nairobi mwaka wa 2009 na mfuko wa vyombo vyake, randa, patasi na msumeno, akapata pa kufanyia kazi Gikomba, kwenda na kurudi kwa miguu. Alitengeneza vitanda na stuli. Usiku alilala chumba kimoja na wanangu, wao kitandani, yeye kwenye godoro chini. Watoto walikua wakimjua yeye kuliko walivyomjua babu yao.

Baka hilo niliona mimi kwanza, mwaka wa 2015, ingawa sikujua nimeona nini. Alikuwa amerudi kazini jioni, amevua shati ananawa bombani. Vumbi la mbao lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, mgongo mzima, isipokuwa pahali pamoja chini ya bega la kushoto, ukubwa wa kisahani cha chai. Pale palikuwa pasafi, pakavu, na ngozi yake imefifia kidogo, ina rangi ya shaba.

"Mjomba, hapa vumbi limekukataa," nikamwambia.

Akajipapasa kwa nyuma. "Ni mba tu, mwanangu."

Miaka mitatu baadaye ndipo nilipoelezwa kwa nini vumbi lilimkataa. Mishipa midogo ya fahamu inayoileta hisia ya mguso kwenye ngozi ni majirani wa ile inayoamuru jasho litoke. Ukoma unapoila ya kwanza huila na ya pili. Hapatoki jasho, vinyweleo hupukutika, na mtu akiguswa hapo hana habari. Maradhi yalikuwa yamejitangaza mgongoni mwake kwa vumbi la mbao, na mimi nikaona ni jambo la kutaniana.

Duka la dawa walimpa krimu ya fangasi. Aliipaka miezi miwili. Kliniki ya kwanza ilimpa vidonge vya fangasi vya wiki sita, vikamla pesa ya kitanda kizima. Kliniki ya pili walisema ni mzio wa dawa za kuhifadhia mbao, avae shati la mikono mirefu. Kwenye kituo cha umma nilikuwepo, na mazungumzo yale ninayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu baadaye nimeyarudia kichwani mara nyingi mno.

"Panawasha?"

"Hapawashi."

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Basi hapo hapana la kukutia wasiwasi, mzee."

Hapawashi, hapaumi. Mba huwasha ukitoka jasho. Choa huwasha mpaka usiku usilale. Mzio huwasha. Baka ambalo haliwashi, haliumi, halihisi, limekaa pale pale mwaka mzima, si jekundu kama kidonda wala si jeupe pe kama mbalanga, hilo ndilo la kutia wasiwasi. Alikuwa ametoa jibu sahihi, na jibu lake likatumika kumrudisha nyumbani. Simlaumu yule kijana wa watu aliyekuwa zamu. Alikuwa na foleni inayofika nje ya lango, na sidhani kama alipata kuona mgonjwa mmoja wa ukoma katika masomo yake yote. Lakini nasema lilivyokuwa.

Mwaka wa 2017, mwezi wa Ramadhani, mjomba aliipua sufuria ya uji kwenye jiko kwa mkono mtupu. Aliyesema kwanza alikuwa binti yangu mdogo, naye hakuona kitu, alinusa. "Mama, kuna nyama inaungua." Mjomba alikuwa bado ameishika ile sufuria. Aliuangalia mkono wake wa kushoto kama anavyouangalia mtu mkono wa mwenziwe. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimechubuka mpaka ndani.

Tuliusifu moyo wake wa subira. Hiyo ni aibu yangu nyingine. Tulisema mikono ya fundi ni migumu, huyu ni mwanamume wa kweli, hakupiga hata kelele. Alifungwa kidonda, akadungwa sindano ya pepopunda, akarudi Gikomba. Hapana aliyeuliza ni vipi mtu mzima mwenye akili timamu anashika sufuria ya moto mpaka ngozi inanuka.

Aliyeuliza alikuja mwaka uliofuata, na hakuwa daktari. Nilikuwa nimempeleka kitindamimba wangu kliniki ya chanjo, mjomba amenisindikiza kunibebea mfuko. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, karibu astaafu. Alimdunga mtoto, akaandika kwenye kitabu, halafu macho yake yakaenda kwenye mkono wa mjomba uliokuwa juu ya goti. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeanza kujikunja.

"Baba, wewe ni mtu wa wapi?"

"Msambweni, Kwale."

Akaweka kalamu chini. Akauliza kama ana alama yoyote mwilini, na mjomba, kwa mazoea, akaanza kufungua vifungo vya shati. Yule mama alichomoa kipande cha pamba, akakisokota ncha ikawa nyembamba kama utambi. Alimgusa kwanza mkononi macho yakiwa wazi, ili ajue anachotakiwa kufanya. Kisha akamwambia afumbe macho, na kila akiguswa aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Akamgusa bega la kulia, mjomba akaonyesha. Akamgusa shingo nyuma, akaonyesha. Akaishusha pamba mpaka katikati ya lile baka.

Mimi nilikuwa naona. Pamba imelala juu ya ngozi, na mjomba ametulia, amefumba macho, kidole tayari hewani, kama mtu anayesubiri kusikia adhana.

"Endelea, sista," akasema.

Yule mama hakujibu. Alimgusa tena, na tena. Halafu akaupitisha mkono wake nyuma ya kisukusuku cha kushoto, pale ambapo ukijigonga unasikia shoti mpaka vidoleni, akaniambia na mimi niweke kidole. Mshipa ulikuwa umevimba kama ugwe chini ya ngozi. Wa kulia haukuwa hivyo. Alihesabu mabaka mengine ambayo sisi hatukuyajua, kwenye paja, kwenye makalio, nyuma ya mkono. Yalikuwa saba. Zaidi ya matano huingizwa kundi la wenye vimelea vingi, ambalo dawa yake ni ya miezi 12. Matano au pungufu huwa ni miezi sita. Baadaye walimkwaruza ndewe za masikio kwa wembe mdogo, wakachukua majimaji kidogo, wakayapeleka kwenye hadubini. Lakini jibu tulikuwa tayari tumelipata kwa kipande cha pamba cha bure.

Nataka nikae hapo kwenye pamba kidogo, kwa sababu watu huniuliza ni kipimo gani cha damu wadai. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoutambua ukoma mapema. Mdudu wake aligunduliwa zamani, mwaka wa 1873, na Gerhard Armauer Hansen wa Norway, miaka tisa kabla ya Robert Koch kutangaza yule wa kifua kikuu, ambaye ni nduguye wa karibu. Hata hivyo mpaka leo hakuna maabara iliyofaulu kumkuza kwenye chupa. Watafiti humkuza kwenye nyayo za panya na ndani ya kakakuona wa bara la Amerika. Ni mdudu mvivu kupita kiasi. Kuna bakteria wa tumbo anayejigawa mara mbili kila baada ya dakika 20. Huyu huchukua karibu wiki mbili kujigawa mara moja. Hupenda pahali penye ubaridi, ndewe, pua, mashavu, magoti, ngozi ya nje, na mishipa inayopita karibu na ngozi. Kwapani na utosini penye joto hapapendi sana. Kwa mwendo huo wa kobe, mtu huambukizwa leo na dalili zikaja, kwa wastani, baada ya miaka mitano. Wengine huchukua miaka 20 au zaidi.

Kwa hiyo mjomba yaelekea alikuja naye Nairobi, mdudu amelala mfukoni pamoja na randa. Alikuwa mzima, ana nguvu, hana hata doa. Mama anamkumbuka mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa akisuka makuti kwa vidole vifupi, na watoto wote walikuwa wakishinda kwake kusikiliza hadithi. Huenda ni yeye, huenda si yeye. Miaka ikipita namna hiyo, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Basi nije kwenye kikombe, maana nisipokisema hiki yote niliyoandika hayana maana.

Yule muuguzi alinieleza vizuri. Ukoma husafiri kwa matone madogo ya pua na mdomo ya mtu ambaye hajatibiwa, na unahitaji ukaribu wa muda mrefu, miezi na miezi ya kulala chumba kimoja na kuvuta hewa moja. Hauambukizi kwa kupeana mkono, wala kukumbatiana, wala kula pamoja, wala kukaa kiti kimoja kwenye matatu. Watu 95 katika kila 100 wana kinga ya kuzaliwa nayo, mdudu akiwaingia haendi popote. Na mgonjwa akishaanza dawa, haambukizi tena. Niliyasikia yote haya, nikaitikia kwa kichwa, nikasema ahsante. Nikarudi nyumbani, na jioni ile ile nilimtengea mjomba kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati cha buluu. Sikusema kitu. Nilimmiminia chai ndani yake, na baada ya kula nilikiosha peke yake. Siku ya pili alikiosha yeye mwenyewe kabla sijafika, akakiweka dirishani. Kuanzia hapo kilikuwa kinakaa dirishani. Hakuuliza. Alianza pia kula mwisho, na kusali nyumbani, kwa sababu alijua hadithi isemayo mkimbie mwenye jethamu, yaani ukoma, kama unavyomkimbia simba, naye hakutaka kuwa simba wa mtu msikitini.

Ilikuwa hivyo wiki tatu. Kisha siku moja binti yangu, yule aliyenusa mkono ukiungua, alikuta chai imebaki katika kile kikombe akainywa, kama alivyozoea kunywa mabaki ya mjomba tangu ajue kutembea. Nilipiga ukelele ambao nyumba nzima ilitoka ukumbini. Mjomba aliingia chumbani akaanza kukunja nguo zake.

Asubuhi nilirudi kwa yule muuguzi, nikamwuliza upya, kwa hasira kidogo, kana kwamba alinidanganya. Aliniacha nimalize. Halafu akasema: mama, huyu mzee ameishi kwako miaka tisa. Kama angewaambukiza, ni katika ile miaka mlipokuwa mkinywa kikombe kimoja, mkilala chumba kimoja, na hapana aliyekuwa na wasiwasi. Sasa ameshameza dawa. Umeanza kumwogopa siku ile ile aliyoacha kuwa wa kuogopwa.

Nimeishi na maneno hayo tangu siku hiyo. Tumepanga woga wetu kinyumenyume. Mtu mwenye baka lisilojulikana tunakula naye sinia moja. Akishajulikana na kutibiwa ndipo tunamtafutia kikombe. Na yule anayeona jinsi mwenzake alivyotengwa baada ya kujulikana, atakuwa na haraka gani ya kwenda kuonyesha baka lake? Ile methali yao ingesemwa kwa watenga vikombe kwanza.

Mjomba hakuondoka. Maalimu wa msikiti alikuja alasiri ile bila kuitwa, sijui alipata habari kwa nani. Alikaa mkekani, akaomba chakula, akala wali na mjomba kwa mkono, sinia moja. Akamkumbusha kwamba imepokewa pia kuwa Mtume alimshika mkono mtu mwenye jethamu wakala naye chombo kimoja. Hakuhutubu zaidi ya hapo. Kikombe cha buluu nilikitia misumari ya mume wangu.

Dawa zenyewe ni bure, na zimekuwa bure duniani kote kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka wa 1995. Kwetu hutolewa pamoja na za kifua kikuu, maana mpango wa serikali ni mmoja, kwa hiyo mjomba alikuwa anapanga foleni na watu wa TB, naye akasema foleni ile ina adabu kuliko zote alizowahi kupanga. Kila siku 28 alipewa pakiti mpya na kumeza dozi kubwa ya kwanza mbele ya muuguzi. Ni dawa tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, mchanganyiko uliopendekezwa mwaka wa 1981 baada ya mdudu kuizoea dapsoni iliyokuwa ikitumiwa peke yake, na wagonjwa kuimeza miaka nenda miaka rudi. Kabla ya dapsoni hapakuwa na tiba ya maana, palikuwa na kambi za kuwatenga wagonjwa.

Rifampisini iliugeuza mkojo wake mwekundu, lakini alikuwa ameonywa. Klofazimini ilimfanya mweusi wa kung'aa, na watu wa Gikomba wakamwuliza kama amerudi pwani. Weusi huo uliondoka taratibu baada ya dawa kwisha. Lililotutisha lilikuja mwezi wa tatu. Mabaka yalivimba na kuwa mekundu, kisukusuku kikamuuma usiku kucha, na mkono ukapoteza nguvu kwa siku chache tu. Nilidhani dawa zinamuua. Kumbe ni mwili wenyewe ulioamka na kuanza kupigana na mabaki ya wadudu, na vita vikapiganiwa ndani ya mshipa. Walimpa prednisoloni, dozi ya kupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Udhaifu wa mshipa ulioanza ndani ya miezi sita unaweza kurudishwa, au kurudishwa nusu. Ule wa zamani haurudi. Kidole cha gumba na cha shahada alivinusuru. Cha mwisho na cha pete vimebaki vimejikunja, na ganzi ya mkono ule ni ya maisha.

Hii ndiyo tofauti kati ya 2015 na 2018. Wadudu wangekufa vile vile mwaka wowote. Vidole ndivyo visivyongoja. Na mtu asikwambie kwamba ukoma hukata vidole. Vidole havianguki kama maembe. Mtu asiyehisi huungua, hukatwa na msumari, kidonda huoza kimyakimya kwa kuwa hakuna maumivu ya kumwita atazame, mfupa huliwa pole pole mpaka kidole kinafupika. Kinachofanya kazi yote hiyo ni ukosefu wa maumivu. Sijawahi kuyashukuru maumivu maishani mwangu mpaka nilipomwona mjomba akijikagua mikono na nyayo kila usiku kwa tochi ya simu, akitafuta kwa macho kile ambacho mwili wake haumwambii.

Tulikaguliwa sote, mmoja mmoja, nyuma ya pazia. Hiyo ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa ambayo husahaulika: waliokaa naye nyumba moja lazima watazamwe. Watoto wote watatu walionyesha makovu yao ya chanjo ya BCG kwenye mkono wa kushoto, chanjo inayolenga kifua kikuu lakini hukinga kiasi na ukoma pia. Hatukukutwa na kitu. Mwaka ule ule wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza waliokaa karibu na mgonjwa wapewe dozi moja tu ya rifampisini, wakishachunguzwa na kuonekana hawana ugonjwa. Utafiti mkubwa uliofanywa Bangladesh uliona dozi hiyo ikipunguza hatari kwa zaidi ya nusu katika miaka miwili ya mwanzo. Sisi hatukupewa wakati ule. Tuliambiwa tuwe tunatazamana, na tunatazamana mpaka leo.

Kwa nini Nairobi wengi hawajui? Nafikiri neno moja limechangia sana: kutokomezwa. Mwaka wa 1991 mataifa yaliazimia kuutokomeza ukoma "kama tatizo la afya ya umma", na maana yake ilikuwa chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Kenya ilikuwa imeshafika hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, dunia nzima ikafika mwaka wa 2000. Ni kazi kubwa, siibezi. Lakini angalia wanahesabiwa nani. Wanahesabiwa walio kwenye dawa. Zamani mtu alikaa kwenye daftari miaka mingi. Tiba ilipofupishwa kuwa ya mwaka mmoja, daftari likapungua lenyewe, hata pale ambapo wagonjwa wapya waliendelea kuja. Magazeti yakaandika umetokomezwa, na ile "kama tatizo la afya ya umma" ikaangukia njiani. Wanafunzi wa udaktari wakaufanya ukurasa wa kurukwa. Hali mwaka wa 2023 pekee watu zaidi ya 180,000 wapya waligunduliwa duniani, wengi wao India, Brazili na Indonesia. Nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeumaliza kabisa ni Jordan, mwaka wa 2024 tu. Hapa Kenya wapya hupatikana kila mwaka, hasa Pwani na kaunti za magharibi karibu na Ziwa. Na watu wa Pwani na wa Ziwa wako wapi leo? Wako Majengo, Kibera, Kayole, Kawangware, wamelala watano chumbani.

Ndiyo maana mimi humsumbua kila mhudumu wa afya ya jamii anayepita mtaani kwetu. Humwuliza: una pamba? Ukiona baka limefifia rangi, linakaa miezi, haliwashi, mfumbishe mtu macho. Usoni kipimo hicho kinaweza kudanganya, kwa kuwa uso una mishipa mingi na hisia huweza kubaki, basi ukiona baka la uso mpeleke tu kwa mjuzi. Papasa kisukusuku. Uliza vidole vimeanza lini kufa ganzi. Na usiseme mkoma. Kiswahili chetu kina tabia ya kumgeuza mtu kuwa maradhi yake. Mjomba wangu ni seremala aliyewahi kuugua ukoma, akapona mwaka wa 2019.

Alirudi Msambweni mwaka wa 2020, Gikomba ilipokuwa haina kazi. Ana karakana ndogo nyuma ya nyumba ya mama. Mama hasemi tena ile methali, angalau si mbele yetu.

Juzi alinitumia sauti kwenye simu, ya dakika nne, kwa kuwa hapendi kuandika kwa gumba. Kuna mtoto wa jirani, wa darasa la tano, ana alama mbili kwenye paja. Mjomba aliziona mtoto anapochezea maji. Akachukua unyoya wa kuku, akaushika kwa vile vidole viwili vyake vizima, akamwambia mtoto afumbe macho, huu ni mchezo. Alama moja mtoto akaionyesha. Ya pili hakuionyesha. Akamgusa mara tatu, hakuionyesha. Kwa hiyo Jumatatu anampeleka zahanati yeye mwenyewe, pamoja na mama mtu, na ikiwa watasema ni fangasi atawaomba pamba.

"Nimemwambia mamake asimtengee kikombe," akasema. Kisha kikohozi kidogo, sauti ya majogoo nyuma yake, na akaniuliza kama najua mbao za saiprasi siku hizi Gikomba ni bei gani kwa futi.